Studi za silinda hedi kwa EJ207 inayokwenda busti bar 1.5: nichukue zipi? (Niko Arusha)

Tabo_Sakina (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina Subaru Impreza GDB, injini EJ207 yenye tabo. Gari natembelea wiki nzima, na kukiwa na rali ya klabu naliingiza. Sasa hivi injini iko chini. Gasketi ya hedi upande wa kushoto imevuja: kila nikipanda mlima wa Oldonyosambu kwa mguu mzito, kitanki cha akiba cha maji kinatoa mapovu kama sufuria ya chai. Oili haijachanganyika na maji, mshale wa joto haukufika nyekundu.

Kwa vile nimeshafungua, nataka kurudisha injini ikiwa tayari kubeba busti (mgandamizo wa hewa inayosukumwa na tabo) ya bar 1.5. Tabo nimeshanunua, kubwa kidogo kuliko ya mwanzo. Kilichobaki ni kushikilia hedi, kwa bolti au kwa studi (zile nondo zenye meno huku na huku, zinazofungwa kwa nati juu). Machaguo niliyonayo: bolti mpya za kiwandani, studi za ARP (kampuni ya Marekani) za chuma cha 8740, ARP za 625+ ambazo bei yake inaumiza, seti isiyo na jina ambayo muuzaji wa Dar anaapa kwamba "chuma ni kile kile", halafu kuna mkereza mmoja Unga Limited kasema nimpelekee eksili mbovu ya Fuso, atanichongea zote 12 kwa bei ya kutupwa.

Nichukue zipi? Na nikishaweka studi, habari ya gasketi naweza kuisahau?

Kula_Kona

Uza, chukua Noah mkuu. Ukoo mzima unaingia na hakuna atakayekuuliza busti.

Mangi_JZ

Niko Moshi, nina Toyota Mark II Blit yenye injini ya 1JZ-GTE. Bolti za hedi ni zile zile ilizotoka nazo Japani, busti iko bar 1.1, na mapovu sijawahi kuyaona. Mnapenda kujitisha na hayo mastudi. Chukua ARP yoyote, funga mpaka mkono ukatae, washa gari twende.

Mzee_Gasketi

Mangi, hapo kwenye "mpaka mkono ukatae" ndipo injini za watu zinapofia. Tuanze na gari lako kwanza, maana kulilinganisha na la mleta uzi si haki.

1JZ bloku yake ni chuma cha kuyeyusha, silinda sita zimesimama mstari mmoja, kipenyo cha silinda milimita 86, hedi imeshikwa na bolti 14. Meno ya bolti yanauma ndani ya chuma. EJ207 bloku ni alminiamu, silinda zimelala mbili huku mbili kule, kipenyo milimita 92, na kila hedi ina bolti sita tu, za milimita 11. Halafu midomo ya silinda zake haijashikwa na bloku mzunguko mzima. Imeshikwa sehemu sehemu, kwingine ni nafasi ya maji. Ukiibana kupita kiasi silinda inapoteza uduara, usipoibana ya kutosha mdomo wake unacheza chini ya gasketi. Ndiyo maana jibu la 1JZ halihamishiki kwa Subaru.

Sasa Tabo_Sakina, kabla ya kuuliza chuma gani, jiulize kitu gani kinasukuma hedi yako. Piga hesabu. Silinda ya milimita 92 ina eneo la sentimita za mraba 66.5 hivi. Mwako ukifika bar 100, hedi inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 6.8. Ukifika bar 120 ni kama tani 8.1. Silinda moja imezungukwa na bolti nne, kwa hiyo kila moja inapewa kama tani 2. Ni nyingi, sawa, lakini bolti ya milimita 11 ya daraja la 10.9 (kipimo cha nguvu ya chuma cha bolti) haikatiki mpaka uivute kama tani 8. Umeona? Kwa mwako wa kawaida hata bolti za kiwandani hazikaribii kukatika.

Kazi ya studi, basi, ni kubana. Unapoifunga unaivuta, inanyooka kidogo sana, na ile hamu yake ya kurudi ndiyo inayoikandamiza hedi juu ya gasketi. Mkandamizo huo ukiwa mkubwa kuliko msukumo wa mwako mahali pote kuzunguka silinda, gasketi haijui kama kuna busti. Ukipungua mahali pamoja tu, kwa mfano katikati ya bolti mbili ambapo hedi inapinda kidogo, moto unapata kiupenyo. Gesi inaingia kwenye maji. Mapovu yako ndiyo hayo.

Nguvu ya chuma inakuja baada ya hapo. Kwa ukubwa huo huo wa milimita 11, nikipiga kwenye eneo la meno: 8740 ya ARP kukatika ni kama tani 10.7, ARP2000, chuma chao kingine, karibu tani 11.8, 625+ karibu tani 14. Chuma kikali zaidi kinakuruhusu kubana zaidi kabla hakijanyooka moja kwa moja. Lakini bloku yako ni alminiamu! Utabana na nini kule chini? Studi itavumilia, meno ya bloku yatang'oka.

Kwa bar 1.5 na gari la kutembelea, mimi nakwambia 8740, tena halisi. Hela ya kufika 625+ peleka kwenye kusaga hedi na kutuni. Habari ya kusahau gasketi nitairudia, sasa hivi nina mteja.

Dada_Vipimo

Mzee kaeleza vizuri, niongeze kitu ambacho watu wa huku juu hatukifikirii. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ina mgandamizo wa karibu bar 0.86, wakati Tanga ni 1.01. Geji ya busti inahesabu juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo 1.5 ya Arusha ni jumla ya bar 2.36 ndani ya manifodi, na 1.5 ya Tanga ni 2.51. Geji inasoma vile vile, silinda inapokea asilimia 6 zaidi.

Kama busti yako inashikwa na kompyuta inayosoma mgandamizo kamili, utaambiwa ukweli. Kama umefunga ile valvu ya mkono ya chemchemi, umetuni gari Njiro na kwenda kukimbia pwani, umepandisha mzigo bila kugusa kitu. Kinyume chake pia kina madhara: huku juu tabo inazunguka kasi zaidi kupata geji ile ile, hewa inatoka ya moto zaidi, na hewa ya moto ndiyo inayoleta kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda.

Maji nayo. Arusha maji ya wazi yanachemka kama digrii 95. Rejeta inategemea kepu kuyazuia. Kepu iliyochoka ya buku kumi inaweza kukufanya uamini gasketi imekufa, na kweli ukiendelea nayo itakufa. Ulipima kepu?

Tabo_Sakina

Kepu nilibadilisha, mapovu yakaendelea. Themostati fundi wa mwanzo aliitoa kabisa, anasema huku ni baridi haihitajiki.

Dada_Vipimo

Rudisha themostati. Anayekwambia baridi ya Arusha inaondoa haja ya themostati hajui inafanya nini. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto, maji hayapiti kwa mpangilio uliokusudiwa, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ikidhani bado asubuhi.

Mkereza_Kijenge

Nimeitwa kwenye huu uzi na mtu, nikaona habari ya eksili ya Fuso. Mimi ni mkereza kazi zangu zote, na nakwambia usikubali.

Eksili nyingi za magari makubwa zimekaushwa ugumu juu tu, ganda la nje. Ndani kumeachwa laini makusudi ili isikatike kama kioo. Ukiweka kwenye mashine ukaikereza mpaka milimita 11, ule ugumu wote umeshaanguka sakafuni. Umebaki na moyo wa eksili, chuma cha kawaida kabisa. Ukiamua kukikausha upya kwenye jiko la makaa na kukitumbukiza kwenye oili, hujui umefika ugumu gani, na studi kumi na mbili zitatoka na tabia kumi na mbili.

Tatizo la pili ni meno. Meno ya studi nzuri hayakatwi kwa kisu. Yanasukumwa kwa roli, tena baada ya chuma kukaushwa. Chuma hakikatiki nyuzi zake, kinalazwa kufuata umbo la jino, na chini ya jino kunabaki kumekandamizwa. Meno ya kukata kwa kisu yana mkwaruzo chini yake, na mkwaruzo ndio mwanzo wa ufa. Studi ya hedi inavutwa na kulegezwa kidogo kidogo mamilioni ya mara. Haitakatika siku ya kufunga, itakufanya umsifu fundi, halafu ikatike uko Minjingu saa mbili usiku.

Niletee nikuchongee vishikio vya intakula, bushi, adapta ya geji ya oili. Studi ya hedi hapana.

Tabo_Sakina

Asante sana kaka. Hilo la eksili limekufa. Sasa hizi zisizo na jina za Dar? Picha zinaonekana sawa kabisa, hata nati zina pembe 12.

Mzee_Gasketi

Nimerudi. Kwa picha hakuna kitu utakachojua. Hata kufoji alama kwenye kichwa cha studi si kazi.

Nipe nafasi niseme kwa nini jina lina maana hapa. ARP wanatengeneza bolti na studi za injini California tangu 1968, ndiyo biashara yao. Unachonunua kwao ni kujua kwamba studi ya kwanza na ya kumi na mbili zimetoka kwenye chuma kile kile na zitavutika sawa, pamoja na karatasi inayokwambia toki (nguvu ya kukaza) ngapi kwa mafuta gani. Hiyo seti isiyo na jina inakuja na karatasi? Kama haina, hiyo toki utaitoa wapi? Utachukua ya ARP uitie kwenye chuma usichokijua?

Ukitaka kuthubutu, ulizia chuo cha ufundi au kiwanda chenye mashine ya kupima ugumu wa Rockwell. Bolti ya 10.9 inasoma kati ya 32 na 39 kwenye kipimo cha C, 8740 iliyokaushwa vizuri inakaa 40 na kitu. Ikisoma 28 umeshajua. Ikisoma 50 pia ikimbie, hiyo itapasuka. Hata ikisoma vizuri, ugumu haukwambii meno yalisukumwa au yalikatwa.

Jambo la vyuma vya bei kubwa, ili watu wasije kununua kwa sifa. Kuna L19, nguvu yake iko karibu na 625+ lakini haipatani na unyevu kabisa. Jasho la mkono linatosha kuianzishia ufa usioonekana. Ni ya magari ya mbio yanayofunguliwa kila mara, inakaa kwenye oili muda wote. Kwenye gari la kutembelea, na masika ya huku, usiiguse. 625+ ni aloi yenye nikeli nyingi, kutu haiijui, ni kitu kizuri kweli kweli, ila kazi yake ni injini iliyofungwa midomo ya silinda na busti ya kutisha. Wewe hujafika.

Mangi_JZ

Sawa mzee, nimekaa chini nasikiliza. Ila nieleze, kama bolti ya kiwandani inabeba tani 8 na mzigo ni tani 2, kwa nini anunue studi kabisa? Si aweke bolti mpya za Subaru aokoe hela?

Mzee_Gasketi

Swali zuri mangi, na jibu la kweli ni kwamba angeweza. Kama angebaki na busti ya kiwandani ningemwambia bolti mpya na gasketi mpya ya chuma ya matabaka, basi.

Kinachoipa studi faida ni namna inavyofungwa. Bolti unaizungusha kutoka kichwani, kwa hiyo inavutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja, huku meno yake yanakwaruza meno ya alminiamu chini ya mzigo. Studi unaizungusha mpaka chini kwa vidole wakati haina mzigo wowote. Kisha nati ndiyo inazunguka juu, chuma kwa chuma, kwenye meno madogo madogo. Studi inavutwa tu, haisokotwi kama bolti. Mbano unaoupata kwenye studi zote unakaribiana zaidi, na hilo mimi nalithamini kuliko hizo tani. Pia ukifungua na kufunga mara nyingi, kama watu wa rali, meno ya bloku hayaliki.

Bolti za kiwandani za EJ zinafungwa kwa toki kisha kwa digrii. Usichukue zile digrii ukazitia kwenye studi. Kila kitu na karatasi yake.

Injini_Juu

Hasara ya studi kwenye Subaru mbona hamuisemi? Ukishaweka, hedi haitoki injini ikiwa ndani ya gari. Bolti unazichomoa, hedi inateremka pembeni. Studi zimesimama, hedi lazima itelezeshwe nje mpaka mwisho wa studi, na huko pembeni kuna chesisi imekusubiri. Kila tatizo la hedi sasa ni kushusha injini nzima. Mimi ni fundi, mteja hapendi kusikia hivyo ila ni vizuri ajue leo.

Mzee_Gasketi

Kweli kabisa, umesema vyema. Ingawa kwenye EJ mimi nashusha injini hata kwa bolti, maana kulala chini ya gari na toki renchi kwenye kona usiyoiona ni kutafuta marudio.

Sasa lile swali la kusahau gasketi. Usisahau. Studi haitibu kugonga. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati, mgandamizo unaruka ghafla kama nyundo, mara elfu kwa dakika, na unapiga sehemu moja ya silinda. Mahesabu yangu ya tani 6 na 8 hapo juu yanahusu mwako unaokwenda taratibu. Kwenye kugonga yatupe. Ukiweka studi kali kwenye injini inayogonga, gasketi itashikilia, sawa, halafu kipande cha pistoni kati ya ringi kitavunjika badala yake. Umehamisha ugonjwa tu. Na EJ pistoni zake za kiwandani si za kufanyia majaribio.

Kwa hiyo kabla hujaulizia bei ya studi nyingine yoyote, niambie haya: gasketi ya zamani imeungua wapi? Pistoni juu zina vijishimo? Plagi zina vidoa vinavyong'aa kama vumbi la alminiamu? Hedi umeiwekea rula?

Dada_Vipimo

Nishindilie hapo hapo kuhusu joto. Alminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi na bloku vyako ni alminiamu, studi ni chuma. Injini ikipata joto hedi inanenepa kuliko studi inavyorefuka, kwa hiyo mbano unaongezeka wenyewe. Hiyo ni kawaida na imehesabiwa. Lakini gari likichemsha, hedi inanenepa kupita, inaponda gasketi na kuzivuta bolti. Ikipoa, gasketi imebaki nyembamba na bolti zimerefuka. Ndiyo maana gari lililochemsha mara moja linaweza kutembea vizuri mwezi, kisha linaanza mapovu, na mwenye gari anaapa hajawahi kulichosha.

Tabo_Sakina

Nimetoka gereji sasa hivi. Gasketi imeungua kati ya silinda mbili za upande wa kushoto, kamstari keusi kembamba. Pistoni ni safi, plagi sioni vidoa. Rula tumeweka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo): hedi ya kushoto cha milimita 0.08 kinapita katikati, ya kulia cha 0.03 kinagoma. Fundi anataka kuisawazisha kwa msasa juu ya kioo.

Mzee_Gasketi

Umepata mgonjwa wako. Kikomo ambacho wengi wanakitumia ni 0.05, na kwa hedi fupi kama ya EJ mimi napenda iwe chini ya hapo. Hata ungeweka studi za dhahabu, 0.08 ingekurudisha hapa.

Msasa na kioo sahau. Gasketi ya matabaka ya chuma inataka uso laini uliopitishwa kwenye mashine, siyo mistari ya mkono. Tafuta mwenye mashine ya kusaga uso, mwambie hedi zote mbili, kiasi kile kile. Usisage ya kushoto peke yake ukaacha ya kulia, utakuwa na mgandamizo tofauti huku na huku. Uso wa bloku pia uwekee rula, watu wanausahau.

Kingine, kusafisha uso wa bloku usiruhusu mtu aweke kile kidisiki cha kusugua kwenye grainda. Chembe zake zinaingia kwenye oili na beringi za krenki hazitaona Pasaka. Kikwaruzo cha plastiki, uvumilivu, na kitambaa.

Mkereza_Kijenge

Nathibitisha hilo la kidisiki. Nimeona beringi zilizotafunwa na mwenye gari kamlaumu muuza oili.

Tabo_Sakina

Basi naagiza 8740. Nikishazipata, mpangilio wa kufunga ukoje? Toki renchi ya gereji ni ile ya kulia "tak", sijui imepimwa lini.

Mzee_Gasketi

Toki renchi ipime leo. Bana ile pembe nne kwenye jiliwa, mkono ulale sawa na ardhi. Pima umbali kutoka katikati ya pembe nne hadi katikati ya kishikio. Tuseme ni sentimita 45. Ning'iniza dumu la lita 20 lenye maji hapo kwenye kishikio. Maji ni kilo 20, dumu lenyewe lipime kwenye mizani ya duka. Kilo 21 mara 9.8 mara 0.45 inakupa kama Nm 93, ongeza kidogo kwa uzito wa renchi. Seti renchi ilie hapo karibu. Ikilia kwenye 70 au ikikaa kimya mpaka 110, azima nyingine.

Matundu ya bloku: pitisha tapu (kile kifaa cha meno ya ndani ya tundu) ya kusafishia, siyo ya kukatia, maana ya kukatia inakula meno ya alminiamu unayoyahitaji. Kisha puliza kwa hewa mpaka pakauke kabisa, kisha puliza tena. Tundu lisilo na njia ya kutokea likibaki na maji au oili, studi ikishuka haina pa kuyapeleka, na bloku inapasuka. Kwenye injini zile ambazo tundu linaingia kwenye njia ya maji, hapo meno ya chini yanapakwa dawa ya kuzibia. Chungulia kila tundu kwa tochi ujue liko kundi gani.

Studi ishuke kwa vidole, ikigusa chini iache. Lile tundu la alenkii kichwani ni la kusaidia tu, usilikazie. Gasketi, hedi, washa, kisha paka yale mafuta ya ARP yaliyokuja na seti kwenye meno ya juu na chini ya nati. Usibadilishe na oili ya injini. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayotia kwenye spana inaliwa na msuguano, hiyo kumi iliyobaki ndiyo inayovuta studi. Ukiongeza msuguano kidogo tu umeiba kwenye kumi. Renchi italia "tak" ukiwa na furaha, na mbano haupo.

Funga kwa hatua tatu zinazolingana, kuanzia katikati kwenda nje kwa mpangilio wa kitabu cha injini. Ukishafika, legeza zote, rudia. Studi mpya inahitaji hivyo, mara ya kwanza meno bado yana ukakasi. Toki ya mwisho ni ile ya kwenye karatasi ya seti yako, usichukue ya mtu mtandaoni, hata yangu.

Injini_Juu

Na baada ya kuwasha, unarudia toki au hurudii?

Mzee_Gasketi

Hapo mafundi tunagombana. Gasketi za zamani za karatasi zilikuwa zinalala, lazima urudie. Za chuma za matabaka hazilali kiasi hicho, na kwenye EJ ya kamshafti mbili kurudia maana yake ni kufumua kamshafti. Mimi sirudii. Fuata mtengenezaji wa gasketi anasemaje.

Mangi_JZ

Mimi kwenye 1JZ ningerudia.

Mzee_Gasketi

Wewe hujafungua hata mara moja mangi.

Dada_Vipimo

Tabo_Sakina, ukishawasha usikimbilie 1.5. Anza na busti ya kiwandani, weka geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, mtu mwenye kujua asikilize kugonga kwenye kompyuta. Mafuta jaza sheli unayoiamini, yale ya dumu pembeni ya barabara waachie wenye pikipiki. Panda mlima wako wa Oldonyosambu na mfuniko wa kitanki cha akiba ukiwa mahali pake, ukirudi angalia kama kiwango cha maji kimepanda na hakishuki ikipoa. Kisha panda kidogo kidogo.

Tabo_Sakina

Nashukuru sana wakuu. Hedi zimekwenda kusagwa zote mbili. Studi nimelipia. Themostati nimenunua. Mwenye tapu ya kusafishia meno ya milimita 11, nyuzi 1.25 (milimita kutoka jino hadi jino), aje inbox, Arusha yote naambiwa ya kukatia tu.

Mangi_JZ

Kwanza chomoa bolti yako moja, ipime nyuzi kwa geji, usiazime kwa kukisia. Ikiwa ni 1.25, jamaa yangu wa Pasua anayo. Jumamosi nashuka Boma Ng'ombe, nifuate pale stendi. Ila uirudishe mangi, siyo ipotelee Chuga.